Mtaa wa Kumi na Tano

"Hizi tisa si za kwetu, anko," Muntazir alisema, akaigeuza kompyuta ili Kondo aone. "Programu imezikataa."

Kondo alikuwa juu ya ngazi, koleo mdomoni, anang'oa waya uliokaa darini tangu enzi za babu yake huyo kijana. Aliteremka taratibu, goti moja likilalamika kuliko jingine, akapangusa mikono kwenye suruali na kuvaa miwani yake iliyofungwa uzi mguu mmoja. Kisha akainama mbele ya kioo cha kompyuta.

Orodha ilikuwa na laini arobaini za simu. Thelathini na moja zilikuwa za kijani. Tisa za chini zilikuwa nyekundu, na kando ya kila moja programu ilikuwa imeandika neno moja tu: hapana. Kondo alizisoma polepole kwa kidole, na alipofika ya nne kidole kikasimama.

"Hii 10.7.15.22 ni ya Bi Mwajabu," alisema.

"Bi Mwajabu gani?"

"Mama Anwar. Wa Mtongani, anayeshona kofia."

"Sasa mbona anwani yake haimo kwenye mtandao wetu? Mtandao wetu wa Mtoni ni 10.7.12. Huyu ni 10.7.15. Huyu wa wapi?"

"Wa wapi!" Kondo alicheka, lakini cheko lenyewe lilikuwa la hasira. "Unaniuliza mie wa wapi? Anwani hiyo nimempa mie, kwa mkono wangu huu, wewe ukiwa bado unavalishwa viatu."

Muntazir akaivuta kompyuta karibu. Si kijana mbaya, msinielewe vibaya. Amesoma, ana adabu, kila asubuhi anamwamkia Kondo shikamoo kabla hajaweka begi chini. Ila ana haraka za vijana wa siku hizi, wanaotaka kila kitu kiwe kimekwisha kabla chai haijapoa.

Na siku hiyo haraka ilikuwa na sababu. Simu za mezani za wateja wa kampuni yao ya intaneti zilikuwa zinahamishwa kutoka mtambo wa zamani kwenda mtambo mpya. Namba zenyewe zilikodishwa kutoka kampuni kubwa ya simu, na kampuni hiyo ilitaka ifikapo saa kumi alasiri iletewe orodha ya namba zilizo hai. Zisizokuwamo zinarudi kwao, wampe mwingine. Namba ikishaondoka imeondoka. Wiki ijayo ingeweza kuwa inalia kwenye duka la matairi Mbagala, na mwenye duka asijue anayetafutwa ni nani.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na robo. Nje, upande wa baharini, mawingu yalikuwa yameshajaa weusi, na radi ya kwanza ilikwishapiga.

Kondo alivuta kiti, akaketi. Sie watu wa Mtoni tunamjua Kondo kama mtu asiyeketi. Ukimwona yuko juu ya bati la mtu, ukimkosa hapo yuko darini. Kwa hiyo alipoketi, hata Muntazir aliacha kubofya.

"Babu yako hajakusimulia habari za mtaa wa kumi na tano?"

"Hapana."

"Haya. Nisikilize, halafu utaniambia wa wapi."

Mzee Valimohamed, babu yake Muntazir, alianza na chumba kimoja Buguruni, karibu na sokoni, kompyuta sita na feni moja iliyokuwa inapuliza upande wake mwenyewe tu. Kondo alikuwa fundi wa redio mlango wa pili. Siku moja mzee alimwita amtazamie kompyuta iliyokuwa inatoa harufu, na tangu siku hiyo Kondo hakurudi kwenye redio. Mwaka 2008 wakaja Mtoni, wakasimamisha mlingoti juu ya nyumba ya kinyozi, pale kituo cha kwa Azizi Ali, na watu wakatoka nje kuutazama. Walimuuliza Kondo kama ni wa redio, akawaambia ni wa intaneti, wakasema aha, na jioni wakarudi kuuliza kama utashika taarabu.

Siku hizo kila kitu kilikuwa kipya, na Kondo alikuwa na miaka thelathini na tisa na magoti mazima. Alipanda mapaa ya Mtoni yote. Alijua bati la nani limeoza na mbwa wa nani anauma kweli na yupi anabweka tu. Jioni mzee Valimohamed alikuja na gari lake la zamani, kaleta kachori zilizofungwa kwenye gazeti, wanakula wamesimama huku wanabishana juu ya anwani za kuwapa wateja. Siku hizi mzee yuko Kanada kwa binti yake Khatija. Kila Ijumaa anamtumia Kondo ujumbe wa sauti kwenye simu, anauliza mvua imenyesha Mtoni au bado. Kondo huusikiliza mara mbili mbili, wala haoni aibu kusema kwamba anammisi mzee yule.

"Tukazigawa hivi," alimwambia Muntazir. "Kumi na mbili, watu wa kwa Azizi Ali. Kumi na tatu, Mtongani. Kumi na nne, maduka ya Barabara ya Kilwa. Hao wa kumi na tatu na kumi na nne ni wa intaneti tu, simu hawakuchukua. Na kumi na tano tukawawekea wote wenye watu wao nje. Muskati, Sauzi, Ulaya, popote. Wale waliwekewa simu ya mezani nyumbani, ili mtu wao apige kwa bei ndogo. Nyumba zao zilikuwa huku na huku, lakini anwani zao tuliziweka pamoja, simu zao zipite kwanza. Babu yako akawaita mtaa wa kumi na tano."

"Mitandao minne basi," Muntazir alisema. "Kwenye faili umeandikwa mmoja."

"Ni mmoja. Umeandikwaje?"

Kijana akafungua faili la zamani. "10.7.12.0, slashi ishirini na mbili." Akasita. "Hii ishirini na mbili nilidhani mlikosea kuandika. Siku hizi mitandao midogo yote ni ishirini na nne. Nikairekebisha."

"Ukairekebisha."

"Nikaiambia programu ilinganishe namba tatu za mwanzo. Zikifanana, wa kwetu. Zisipofanana, si wa kwetu."

Kondo alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati. Watu wanaomjua wanasema akifuta miwani hivyo ujue anameza maneno. Aliporudisha miwani usoni, alichana ubavu wa boksi la soketi, akatoa kalamu sikioni, akaandika kwa mwandiko wake mkubwa:

11 — 00001011
12 — 00001100
13 — 00001101
14 — 00001110
15 — 00001111
16 — 00010000

"Anwani nzima ina biti thelathini na mbili, yaani sifuri na moja zilizopangwa hivi," alisema. "Ishirini na mbili za mwanzo ndiyo jina la ukoo. Kumi ina biti nane, saba ina nane, tushamaliza kumi na sita. Zimebaki ngapi?"

"Sita."

"Sita hizo zimo humu, kwenye namba ya tatu." Akaweka dole gumba lake juu ya karatasi, lenye kovu la waya tangu ukucha hadi kifundo, akafunika biti mbili za mwisho za kumi na mbili. "Soma zilizobaki."

"Sifuri nne, moja, moja."

Dole likashuka kwenye kumi na tatu. "Hapa?"

"Hivyo hivyo." Likashuka tena, kumi na nne, kumi na tano, na Muntazir akawa anasoma kwa sauti inayozidi kuwa ndogo. "Hivyo hivyo. Hivyo hivyo."

"Sasa jirani wa juu na jirani wa chini."

Kumi na moja ilipofunikwa ilibaki kitu kingine. Kumi na sita kitu kingine kabisa. Muntazir aliitazama ile karatasi ya boksi, akajipiga kofi la paji la uso.

"Ala! Nimewafukuza watu kwao, anko."

"Umewafukuza. Warudishe."

Hapo sasa kijana alionyesha usomi wake, na Kondo aliusifu moyoni. Alifuta mistari minne akaandika miwili. Kila anwani igeuzwe kuwa namba moja ndefu ya biti thelathini na mbili. Biti kumi za mwisho zifanywe sifuri. Kitakachobaki kilinganishwe na 10.7.12.0. Dole gumba la Kondo, basi, ila limeandikwa. Kabla hajaiendesha Kondo alimzuia.

"Ijaribu mipakani kwanza. Mie nilikuwaga nikimaliza kugawa, najaribu wa mwisho na jirani yake."

Wakaijaribu. 10.7.11.255, hapana. 10.7.12.0, ndiyo. 10.7.15.255, ndiyo. 10.7.16.0, hapana. Kondo alipiga meza kwa kiganja, furaha ilimjia waziwazi, na Muntazir akaendesha orodha nzima. Zote arobaini zikageuka kijani.

Zilikaa kijani kwa muda wa pumzi tatu hivi. Kisha safu ya pili ya programu ikaanza kujijaza, ile inayobisha hodi kwenye kila anwani kuuliza kama kuna mtu. Thelathini na moja ziliitika. Tisa za kumi na tano hazikuitika hata moja.

"Ni za kwetu," Muntazir alisema kwa upole, "lakini zimekufa."

Kondo akazipitia. Huyu alihamia Chanika zamani. Huyu mwanawe alirudi, sasa ana bajaji, simu ya nini tena. Huyu nyumba ilivunjwa. Huyu, Mungu amrehemu, alizikwa mwaka wa korona. Alikumbuka vibaraza vyao, watu wamejipanga kwenye mkeka kumsubiri mtu wa mbali apige, na mtoto mmoja akiwekwa mlangoni kuzuia kuku wasipige kelele. Mtaa mzima ulikuwa umeondoka na yeye hakuwa ameona unavyoondoka.

"Wengine sawa," alisema. "Ila Bi Mwajabu yupo. Simu yake haijakufa. Kuna radi."

"Radi inahusiana nini?"

"Radi ikipiga Bi Mwajabu anachomoa kila kitu. Friji, redio, kila kitu. Na simu ya mkononi anaizima anaitia kabatini."

Muntazir alijaribu namba ya mkononi hata hivyo. Haikupatikana. Akasema basi, angeiandika ile namba kwenye orodha kwa mkono. Kisha akatikisa kichwa mwenyewe. Mtambo mpya ulikuwa haukubali namba ambayo kisanduku chake, kile kinachounganisha simu ya mezani na intaneti, hakijaamka kikajitambulisha. Lazima kiamke kabla ya saa kumi.

"Ni muhimu hivyo, anko? Si atapewa namba nyingine? Hata bure tutampa."

Kondo alikuwa ameshaanza kukunja suruali. Akasimama hivyo hivyo, mguu mmoja umekunjwa na mwingine bado.

"Anwar aliondoka 2010 kwenda Sauzi kwa njia ya barabara," alisema. "Mie ndo nilimfungia mama yake simu, wiki moja kabla. Bi Mwajabu akaniuliza, Kondo, namba hii haibadiliki? Nikamwambia haibadiliki, mie nipo. Akaingia ndani, akachukua kofia aliyokuwa anamshonea, akaishona ile namba upande wa ndani wa ukingo, kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, mtu asione ila anayejua. Kijana alikuwa anapiga kila Ijumaa baada ya sala. Miaka mitano, sita. Idi ya 2016 alipiga, na tangu hapo kimya. Hajulikani yuko wapi. Hana namba nyingine ya nyumbani ila iliyo kichwani mwake."

Muntazir alitoa mfuko wa plastiki kwenye droo, akampa afunike kichwa.

Saa tisa na dakika tano Kondo alikuwa barabarani. Mvua ilikuwa imeshakuwa ile ya masika yenyewe, inayopiga chini na kurudi juu. Kituo cha bodaboda vijana walikuwa wamejibana chini ya mwavuli mmoja wa kampuni ya soda. "Mzee, radi hii? Hata unipe kiwanja sitoki," mmoja alimwambia, na wenzake wakaangua kicheko. Kondo hakubembeleza. Alivua viatu, akavifunga kamba akavitundika shingoni, akaanza kutembea kwa miguu kuelekea Mtongani, mtu wa miaka hamsini na sita na mfuko wa plastiki kichwani.

Alipita nyumba ya kinyozi, ambayo sasa ni duka la vipodozi. Alipita bati aliloanguka nalo 2009, akaangukia jikoni kwa watu, na mwenye nyumba akamkaribisha chakula kwanza ndipo akamtukana. Alipita uchochoro ambao walivuta waya yeye na mzee Valimohamed siku nzima ya mfungo, mzee wa watu na kanzu yake nyeupe, hataki kukaa garini. Maji ya mtaro yalimfika magotini. Kila radi ilipopiga alisema astaghfirullah kwa sauti, na katikati ya astaghfirullah mbili alimsema Anwar pia, kwa hasira, kwamba hata ujumbe mmoja, we mtoto, hata mmoja tu umeshindwa. Kisha akaona vibaya kwamba amemsema.

Mlango wa Bi Mwajabu ulikuwa umerudishwa. Alibisha hodi mara tatu.

"Nani anayetembea na radi hii?"

"Mie Kondo. Shikamoo, Bi Mwajabu."

"Marahaba. Pita ndani, we mtu una wazimu? Pita, utapigwa!"

Ndani kulikuwa giza la mchana. Kioo cha kabati kilikuwa kimefunikwa kanga, kama wanavyofunika wenyeji wa pwani radi ikipiga. Nyaya zote zilikuwa zimechomolewa na kulazwa sakafuni, vichwa vyao vimeelekezwa mbali na ukuta. Bi Mwajabu alikuwa amekaa karibu na dirisha, upande wenye mwanga, na kofia iliyoshonwa nusu mapajani. Kwenye meza ndogo ilikaa ile simu ya kijivu, na kisanduku chake pembeni, juu ya kitambaa kilichofumwa.

Alimpa Kondo taulo. Kondo alijipangusa uso tu, akabaki amesimama ili asiloweshe mkeka, akamweleza. Alimweleza yote, bila kupunguza, kwa sababu hakujua namna ya kupunguza. Mtambo mpya, orodha, saa kumi. Bi Mwajabu alisikiliza akiwa ameshika sindano hewani.

"Uliniambia haibadiliki," alisema.

"Nilikwambia."

"Uliniambia, mie nipo."

"Ndo nimekuja, Bi Mwajabu. Chomeka kisanduku, kikae dakika tano tu kijitambulishe. Baada ya hapo hakuna atakayeigusa namba yako."

Radi ilipiga karibu, vyombo vikalia jikoni. Bi Mwajabu alitazama dari kisha akatazama kisanduku.

"Na ikikiunguza? Kina miaka kumi na tano hicho. Vyenzie umeshaniambia havipatikani tena. Kikiungua leo, namba itakuwa yangu lakini italia wapi? Kwenye nini?"

Kondo aliliweka taulo begani. Alikuwa ametembea mvua yote ile bila kufikiria hilo. Angeweza kusema haitapiga, lakini alikwisha kumwahidi mama huyu kitu kimoja, na hakutaka kumwahidi na kingine kilichoko mikononi mwa Mungu.

"Sijui," alisema. "Wallahi sijui. Uamuzi wako."

"Saa ngapi sasa?"

"Tisa na dakika arobaini na moja."

Mwanamke yule alichoma sindano kwenye kofia, akaiweka kando. Aliinuka, akaenda hadi mezani, akaondoa kitambaa akakikunja mara nne. Aliokota waya sakafuni. Kondo alinyoosha mkono amsaidie, akamsukuma kwa kiwiko.

"Wacha. Nimekitunza mwenyewe, nitakichomeka mwenyewe." Akafumba macho. "Bismillahi."

Taa ndogo iliwaka nyekundu. Walisimama wawili wanaitazama, bega kwa bega. Radi ikapiga tena, mbali kidogo. Taa ikawa ya machungwa, ikacheza, ikacheza, ikacheza mpaka Kondo akaanza kuitukana kimoyomoyo, kisha ikatulia ya kijani.

"Ndo hivyo?" Bi Mwajabu aliuliza.

"Ndo hivyo. Kimeamka."

"Alhamdulillah." Alipangusa mikono kwenye kanga. "Ngoja nikupe chai ya tangawizi, usije ukafia nyumbani kwangu watu wakasema nimekuua." Akaingia jikoni.

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ndani haikusikika sauti. Kondo alitoka hadi barazani, akampigia Muntazir.

"Naiona, anko!" kijana alipiga kelele. "10.7.15.22, imejitambulisha! Naiweka kwenye orodha."

"Ihakikishe kwanza kama inafanya kazi, ndo utume."

"Sawa, anko. Sasa hivi."

Kondo alirudisha simu mfukoni, akaegemea ukuta. Alikuwa amelowa hadi kwenye mifupa, na alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameipata tangu siku walizokuwa wanasimamisha ule mlingoti. Alifikiria kumtumia mzee Valimohamed ujumbe, ampe habari, amwambie mtaa wa kumi na tano umebaki na nyumba moja na taa inawaka. Alikuwa bado anapanga maneno.

Simu ya mezani ikalia.

Mungu wangu! Kondo aliganda pale pale. Alikuwa amemwambia kijana ahakikishe, na kuhakikisha simu ni kuipiga. Na yeye Kondo, kwa haraka na furaha zake, hakumwambia mwenye simu. Simu ambayo haikulia tangu Idi ya 2016. Aliruka kizingiti.

Bi Mwajabu alikuwa ameshatoka jikoni, miguu mitupu. Kikombe sijui alikiacha wapi.

"Bi Mwajabu, huyo ni—"

Hakumsikia. Mkono ulishika simu kabla mlio wa pili haujaisha.

"Anwar?"

Mvua iliendelea.

"Anwar, baba? Ni wewe?"

Upande wa pili alikuwa Muntazir, na yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alikuwa amejiandaa kusema haloo, moja mbili, kama wanavyosema mafundi. Sauti ile ilipomfikia, moja mbili zikampotea. Hakuweza kusema ndiyo, hakuweza kusema siyo, wala hakuweza kukata. Akasema kitu alichofundishwa kumwambia mama yeyote mkubwa.

Bi Mwajabu alisikiliza. Uso wake haukubadilika mara moja. Ulibadilika kidogokidogo, kuanzia machoni kushuka chini. Akavuta pumzi.

"Marahaba," alisema.

Kisha alimgeukia Kondo, akatikisa kichwa mara moja. Siye. Kondo alishindwa kumtazama. Alinyoosha mkono aipokee simu, amalize yeye aibu aliyoileta, amwombe radhi mama wa watu na amwambie kijana inatosha. Bi Mwajabu akamgeuzia mgongo. Aliihamishia simu sikio la pili, akavuta kigoda kwa mguu, akaketi.

"Hapana, usikate," alisema kwenye simu. "Usikate, baba. Mvua inanyesha huko uliko?" Alisubiri jibu, akalisikiliza lote. "Na umeshakula?"